Lori Ndilo Rahisi: Bajeti ya Kuhamisha Kituo cha Data

Muhula huu chuo chetu kimetangaza kwamba chumba cha mashine kilicho chini ya jengo la zamani kitafungwa, na seva zote zilizomo zitahamishiwa katika kituo cha data nje ya mji, ambacho chuo kitakikodi pamoja na taasisi nyingine. Tangazo lilikuwa la aya nne. Aya tatu zilisifu kituo kipya. Aya ya nne iliitaka kila idara na kila klabu yenye kitu chake humo ijaze fomu ya makadirio kabla ya likizo ya Pasaka. Kisichojaziwa fomu kitazimwa.

Klabu yetu ina kitu humo. Ni rekodi za sauti ambazo wanachama waliotutangulia walizikusanya kwa babu, bibi, shangazi na wajomba zao hapa Uingereza: hadithi, vitendawili, habari za safari, na Kiswahili cha Unguja, Mombasa na Lubumbashi kilichokaa London na Leicester kwa miaka mingi. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao zimo ndani ya seva moja ya kijivu, ambayo kwenye orodha ya chuo imeandikwa namba tu, bila jina la mwenyewe.

Tumeisoma fomu. Ina nafasi tatu: aina ya kifaa, uzito wake, na gharama ya usafiri. Ndipo mhariri akatuomba sisi watatu, mmoja wa kompyuta, mmoja wa uhasibu na mmoja wa uchumi, tuwaeleze wanachama na walimu wetu jinsi bajeti ya kazi kama hii inavyopangwa, na kwa nini nafasi tatu hazitoshi. Jibu letu kwa kifupi ni hili: katika kuhamisha kituo cha data, lori ndilo kitu rahisi kuliko vyote. Anayepanga bajeti kwa kuhesabu malori atayalipia baadaye yale ambayo hakuyahesabu.

Kinachohamishwa ni nini?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kituo cha data ni jengo au chumba chenye makabati ya chuma yaliyojaa seva, yaani kompyuta zisizo na kioo wala kibodi, zinazofanya kazi usiku na mchana kuhifadhi na kutoa taarifa. Makabati hayo yanahitaji umeme usiokatika, kwa hiyo kuna betri na jenereta. Yanatoa joto kali, kwa hiyo kuna mitambo ya kupoza hewa. Yanahitaji njia za mawasiliano, kwa hiyo kuna kebo za kila rangi juu ya dari na chini ya sakafu. Kabati moja lililojaa linaweza kukaribia uzito wa tani nzima, na si kila sakafu wala kila lifti inaweza kulibeba.

Kiswahili hutofautisha kuhama na kuhamisha. Mtu huhama mwenyewe, na akifika anajua kutafuta swichi ya taa. Seva huhamishwa. Haijui kwamba imeondoka, na zile seva nyingine zinazoitegemea hazijui imepelekwa wapi. Mfumo wa kusajili wanafunzi unaweza kuuliza majina kwa seva ya pili, nayo ikaomba ruhusa kwa ya tatu. Ukiihamisha ya pili peke yake, zote tatu zinanyamaza. Kinachohamishwa basi ni uhusiano baina ya vyuma, na uhusiano hauna uzito wa kuandikwa katika fomu.

Neno jingine ni bajeti, ambalo tumelichukua kutoka Kiingereza. Katika bunge la Tanzania husemwa makadirio ya mapato na matumizi, na hayo makadirio tunayapenda zaidi. Kukadiria ni kukiri kwamba hujui hasa, ila umepima kwa kadiri ya ulicho nacho mkononi. Bajeti nzuri ya kuhamisha seva huonyesha wazi mahali ambapo mpangaji anajua na mahali ambapo anakisia.

Daftari kwanza

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungu la kwanza la bajeti ni la kutengeneza daftari hilo. Kila kifaa kiandikwe: kiko kabati gani, kina umri gani, kinafanya kazi gani, nani mwenyewe, kinazungumza na kipi, na kikizimwa nani ataumia. Kazi hii huchukua wiki au miezi. Watu wanapita na taa mkononi wakifuata kebo, na programu maalumu zinasikiliza mawasiliano baina ya seva ili kuchora ramani. Ni kazi ya kulipwa, tena ya wataalamu, na hufanyika kabla hata tarehe ya kuhama haijapangwa.

Wakubwa wengi huona fungu hili ni anasa. Kilichotokea Twitter kinaonyesha sivyo. Kwa mujibu wa wasifu wa Elon Musk ulioandikwa na Walter Isaacson na kuchapishwa mwaka 2023, kampuni hiyo ilikuwa na makabati ya seva yapatayo 5,200 katika kituo cha kukodi huko Sacramento, California, na gharama yake ilizidi dola milioni 100 kwa mwaka. Desemba 2022 Musk alitaka kituo kile kifungwe na seva zipelekwe Portland, Oregon. Wasimamizi walimwambia kwamba kuhama kwa usalama kungechukua miezi 6 hadi 9. Yeye aliona ni uvivu. Mkesha wa Krismasi alikuwa Sacramento pamoja na binamu zake, na katika siku zilizofuata makabati yalianza kusukumwa nje na kupakiwa kwenye malori. Kwa hesabu ya usafiri, kazi ilikuwa ya ajabu: mamia ya makabati yalitoka kwa siku chache.

Lakini programu za Twitter zilikuwa na marejeo yapatayo 70,000 yaliyoandikwa moja kwa moja kuelekea Sacramento. Ni kama watu 70,000 wenye anwani yako ya zamani, na hakuna aliyewapa mpya. Kwa muda wa miezi miwili mfumo uliyumba, na Musk mwenyewe alikiri baadaye kwamba kufunga Sacramento kwa namna ile kulikuwa kosa. Ile miezi 6 hadi 9 waliyoomba wasimamizi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya daftari: kuyatafuta marejeo, kuyarekebisha na kuyajaribu. Bei hiyo haikufutwa kwa kuharakishwa. Ililipwa baada ya kuhama, na walioshiriki kuilipa ni watumiaji.

Daftari lina faida nyingine ambayo mhasibu wetu anaipenda. Ukishaandika kila kifaa, unagundua vile ambavyo havina haja ya kuhama. Vingine vimezeeka kiasi kwamba vikizimwa huenda visiwake tena, na ni bora kununua vipya kule kuliko kuvibeba. Vingine vinafanya kazi ambayo hakuna anayeihitaji. Vingine vinaweza kuunganishwa, kazi ya seva kumi ikafanywa na moja. Kila kifaa kinachoondolewa katika orodha kinapunguza nafasi, umeme na kodi katika nyumba mpya kwa miaka yote ya mkataba.

Kulipia nyumba mbili

Fungu la pili ndilo mara nyingi huwa kubwa. Huwezi kuzima nyumba ya zamani leo na kuwasha mpya leo. Kodi ya kituo kipya inaanza kuhesabiwa siku unayokabidhiwa nafasi, kabla seva hata moja haijaingia. Wakati huohuo cha zamani bado kinakula umeme, kinapozwa na kinalindwa. Kipindi hiki cha kulipia nyumba mbili ndicho kinachotafuna bajeti kimyakimya.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni zetu za kufundishia, si za chuo. Tuseme kuna makabati 20, na kila moja linatumia kilowati 4 za umeme. Jumla ni kilowati 80. Vituo vya kukodi hupenda kutoza kwa kilowati, kwa hiyo tuseme bei ni pauni 150 kwa kilowati kwa mwezi. Kodi ya mwezi itakuwa pauni 12,000. Tuseme malori, wapakiaji na vifungashio vinagharimu pauni 15,000. Ukipanga miezi 3 ya kulipia nyumba mbili, kodi ya kipindi hicho ni pauni 36,000. Kazi ikichelewa ikawa miezi 5, inakuwa pauni 60,000, yaani mara nne ya malori yote, na bado hatujahesabu umeme wa nyumba ya zamani.

Kwa nini kazi ichelewe? Sababu moja ya kawaida ni njia ya mawasiliano. Kebo mpya ya nyuzi za kioo huagizwa kwa kampuni ya simu miezi mingi kabla, kwa sababu pengine barabara ichimbwe na kibali kitoke kwa halmashauri. Seva zinaweza kufika na kukaa kama wageni waliofungiwa nje, zikisubiri kebo. Mpangaji mwangalifu huagiza mawasiliano kwanza na malori mwisho, na katika bajeti huandika tarehe pamoja na bei.

Wengine huuliza: si data zitumwe kwa mtandao, vyuma viachwe? Mara nyingi inafaa, lakini nayo ina hesabu yake. Tuseme una terabaiti 100, na njia yako inapitisha gigabiti 1 kwa sekunde. Hata njia ikijaa bila kupumzika, data hizo zitachukua zaidi ya siku 9 kufika. Ukikodi njia ya gigabiti 10, ni kama saa 22. Njia pana ya muda ni ghali, lakini siku nane za nyumba mbili nazo ni ghali. Bajeti huzilinganisha bei hizi mbili badala ya kutazama moja tu.

Wapo pia wanaokodi vifaa vya muda vya kusimama badala ya vile vilivyo safarini, ili huduma isikatike. Gharama yake huonekana kubwa hadi uilinganishe na gharama ya huduma kusimama.

Bei ya kujaribu

Fungu la tatu ni majaribio, na ndilo linalokatwa kwanza tarehe inapokaribia. Hapa Uingereza tuna mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa sababu wazazi wetu waliusema mezani. Benki ya TSB ilikuwa imejitenga na Lloyds, lakini iliendelea kutumia mifumo ya Lloyds kwa malipo. Baada ya kununuliwa na Sabadell ya Hispania mwaka 2015, ilipanga kuwahamishia wateja wake kama milioni 5.2 katika mfumo mpya uliokaa kwenye vituo vya data viwili. Kuhama kulipangwa Novemba 2017, kukaahirishwa, kisha kukafanywa kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa wiki ya 20 hadi 22 Aprili 2018.

Data zenyewe zilifika salama. Kilichoanguka ni huduma. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na wengine walioingia waliona akaunti za watu wengine. Ilichukua hadi Desemba 2018 benki kurudi katika hali ya kawaida. Ripoti ya mawakili wa Slaughter and May, iliyochapishwa Novemba 2019, ilieleza jambo moja ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelielewa: majaribio ya kupima kama mfumo unastahimili wingi wa watumiaji yalifanywa katika kituo kimoja tu kati ya viwili. Vituo vile vilidhaniwa kuwa sawa, lakini havikuwa sawa.

Sasa tazameni hesabu. Benki ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Gharama zote za mkasa katika hesabu za mwaka 2018 zilikuwa kama pauni milioni 330. Kufanya majaribio katika kituo cha pili kungehitaji wiki kadhaa, wataalamu na labda kuahirisha tena. Ingekuwa gharama, na mtu angelaumiwa kwa kuchelewesha. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ulijengwa kwa mamilioni. Tusisahau pia kilichokuwa nje ya hesabu za benki: mwenye nyumba aliyesubiri kodi, duka dogo lililoshindwa kulipa mishahara, mzazi aliyetaka kutuma ada nyumbani akakuta skrini nyeupe.

Kwa hiyo majaribio yaandikwe kama fungu lenye ulinzi wake. Yajumuishe mazoezi ya kuhama kabla ya kuhama, na mazoezi ya kurudi. Mpango wa kurudi unahitaji fedha pia: nyumba ya zamani isivunjwe siku ileile, nakala za akiba zitengenezwe na zijaribiwe kwa kufunguliwa, na wafanyakazi wa usiku walipwe kwa saa watakazosubiri hata kama hakuna litakaloharibika.

Vinavyobaki nyuma

Fungu la nne husahauliwa kwa sababu linahusu kile usichokitaka tena. Diski za zamani zina majina, namba za akaunti, matokeo ya mitihani, barua za daktari. Kuziharibu vizuri ni kazi ya wataalamu wanaotoa hati kwa kila diski.

Benki ya Morgan Stanley ya Marekani ilifunga vituo vya data viwili mwaka 2016. Kazi ya kuondoa vifaa ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikuwa na uzoefu wa kuharibu data. Vifaa vingine viliuzwa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni, data za wateja zikiwa bado ndani. Oktoba 2020 benki hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 60 na msimamizi wa mabenki, na Septemba 2022 ikalipa dola milioni 35 nyingine kwa tume ya masoko ya mitaji, iliyosema kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 15 hazikulindwa ipasavyo. Huu ndio mfano wetu mkubwa wa bajeti iliyohesabu lori tu. Lori lilifika, mzigo uliondoka, na gharama ikaja miaka minne na sita baadaye.

Hapa Uingereza sheria ya kulinda data inaruhusu faini ya hadi pauni milioni 17.5 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima ya taasisi, kile kilicho kikubwa. Chuo nacho kinahusika. Nasi tuliorekodi sauti za wazee tunahusika, kwa sababu walitueleza habari za familia zao kwa kutuamini.

Akiba ya yasiyojulikana

Baada ya kuandika yote unayoyajua, lazima utenge fedha kwa usiyoyajua. Watu wa kazi hii hupenda kutaja asilimia 10 hadi 20 ya jumla. Serikali ya Uingereza imeenda mbele zaidi. Katika mwongozo wa Hazina wa kutathmini miradi, kuna marekebisho maalumu kwa ajili ya tabia ya wapangaji kutumaini mno. Kwa majengo ya kawaida, gharama za awali huongezwa kati ya asilimia 2 na 24. Kwa miradi ya vifaa na mifumo, nyongeza hiyo ni kati ya asilimia 10 na 200. Yaani Hazina, yenye sifa ya mkono wa birika, inakubali kwamba mradi wa kompyuta uliokadiriwa kwa pauni 1 unaweza kuishia pauni 3.

Mfano wa yasiyojulikana ni kitendo cha kuzima na kuwasha. Tarehe 27 Mei 2017 umeme ulikatwa katika kituo cha data cha British Airways karibu na Heathrow. Kwa maelezo ya kampuni, madhara makubwa yalitokana na umeme kurudishwa bila utaratibu, ukaharibu mitambo. Abiria wapatao 75,000 walikwama. Sasa fikirieni seva iliyowaka bila kuzimwa kwa miaka saba katika chumba chetu cha chini. Siku itakayozimwa, hakuna ajuaye kama itawaka. Akiba ya dharura ndiyo inayonunua diski mpya saa tisa usiku.

Mkasa ambao haukutokea

Tusije tukaeleweka kwamba kuhamisha daima ni balaa. Mfano wa kazi kubwa iliyopita bila vumbi jingi unatoka kwetu, na wengi wa wasomaji wetu wameutumia bila kujua. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, lakini kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa Kisumu akimlipa jirani yake, amri ilisafiri hadi Ulaya na kurudi. Aprili 2015 Safaricom ilihamisha huduma hiyo hadi Kenya, na papo hapo ikaingia katika mfumo wa kizazi cha pili. Ilikuwa kama TSB: mahali papya na mfumo mpya kwa pamoja, na fedha za watu mamilioni ndani yake. Wateja waliarifiwa mapema kwamba huduma ingesimama kwa muda usiku, kisha kazi ikafanywa. Haikugeuka kuwa mkasa wa miezi minane.

Tunataja hili kwa sababu ya kiuchumi pia. Kuhama huko kulikuwa na faida ya kila siku, kwa kuwa safari ya kila muamala ilifupishwa. Bajeti ya kuhamisha ina upande wa pili wa ukurasa: kule tunakokwenda tutaokoa nini kila mwezi, na itachukua miezi mingapi akiba hiyo kurudisha gharama? Chuo chetu kimesema kituo kipya kitatumia umeme kidogo. Tunaamini. Tungependa tu kuona hesabu yake, ili kila idara ijue inalipia nini na itapata nini.

Tunachopendekeza

Tumekwisha kuijaza fomu kwa jina la klabu. Seva ya kijivu sasa ina mwenyewe. Lakini pamoja na fomu tumeambatisha ukurasa mmoja wenye mafungu ambayo fomu haikuyauliza, na tunaomba mkutano wa klabu uupitishe na walimu wetu waupeleke katika kamati ya idara.

Fungu la kwanza ni saa za mtaalamu wa kufuata kebo na kuandika seva yetu inategemea nini, na nani anaitegemea. Tunajua tayari kwamba kozi mbili za Kiswahili huvuta rekodi kutoka humo kwa ajili ya mazoezi ya kusikiliza, kwa hiyo ikizimwa katikati ya muhula darasa litakosa zoezi.

Fungu la pili ni nakala mbili za rekodi zote, zikae mahali pawili tofauti, zifunguliwe na kusikilizwa kabla ya siku ya kuhama. Hili ni la gharama ndogo kuliko yote, na ndilo ambalo hatutakubali likatwe. Mwanachama yeyote aweza kusaidia kusikiliza: tunahitaji masikio yanayoelewa lahaja, ya kutambua kama sauti imekatika au bibi amenyamaza tu akitafuta neno.

Fungu la tatu ni siku ya kujaribu katika kituo kipya, kabla ya kile cha zamani kuzimwa. La nne ni hati ya kuharibiwa kwa diski zitakazoachwa. La tano ni akiba ya asilimia 20, ambayo isipotumika irudishwe.

Tukijumlisha, ukurasa huo unaifanya seva yetu ionekane ghali mara kadhaa kuliko fomu ilivyotaka, na huenda kamati ikauliza kwa nini klabu ndogo inaomba kiasi hicho kwa mashine moja iliyochakaa. Walimu wetu watakaokuwa katika kikao hicho tunawaomba wajibu kwamba mashine yenyewe tuko tayari kuiacha. Inaweza kusagwa. Tunachoomba fedha ni kwa ajili ya kilichomo, na kwa ajili ya kuhakikisha kwamba siku ya pili baada ya malori kuondoka, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atabonyeza kitufe kilekile na kumsikia mzee yuleyule.

Mkutano wa klabu ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wetu wa kawaida. Ukurasa wa makadirio utakuwa mezani. Njoni na kalamu.